UZI: Jina Malcolm lilikotoka, kutoka kichwa kilichonyolewa hadi kiti cha enzi cha Uskoti

MtuWaVitabu (mwanzisha uzi)

Wakuu, heshima kwenu.

Akina Malcolm wamejaa siku hizi mitaani na mashuleni, na ukimuuliza mzazi kwa nini alichagua jina hilo, wengi watakujibu: Malcolm X. Sababu hiyo inatosha kabisa, sina ubishi nayo. Lakini Malcolm X alipozaliwa Omaha, Nebraska, mwaka 1925, jina lake lilikuwa tayari limeishi karibu miaka elfu moja, na historia yake ni tamu mno kuachwa ipotee. Nimeona pia watu wakipotoshana mitandaoni, huyu akisema ni la Kiebrania, yule akisema maana yake ni "mfalme". Majina ya Wagaeli ni kitu ninachokisoma kwa mapenzi na hili nalipenda kuliko yote, kwa hiyo naomba nilieleze taratibu.

Malcolm ni jina la Kigaeli, lugha iliyotoka Ayalandi ikavuka mlango wa bahari hadi magharibi mwa Uskoti. Zamani liliandikwa Máel Coluim, maneno mawili. Máel ni kichwa kilichonyolewa au kukatwa nywele. Neno hilo bado liko hai: kilima kisicho na miti huitwa hivyo, na ng'ombe asiye na pembe pia. Coluim maana yake "wa Colum", na Colum ni yule mtakatifu ambaye Kilatini kinamwita Columba, njiwa. Ukiyaunganisha unapata "aliyenyolewa kwa ajili ya Kolumba", yaani mtumishi wake, mfuasi wake.

Sasa kwa nini kunyolewa kumaanishe utumishi? Katika jamii ile ya kale nywele ndefu zilikuwa fahari ya mtu huru, hasa mpiganaji. Kichwa kilichokatwa nywele kilikuwa cha mtu aliye chini ya mtu mwingine. Wamonaki wa Kikristo walipokuja wakanyoa vichwa kwa hiari yao, kila aliyewaona aliisoma alama ile papo hapo: huyu ana bwana wake, na bwana mwenyewe ni Mungu. Baada ya hapo hata mtu ambaye hakuwa mmonaki, mwenye nywele zake zote na upanga kiunoni, aliweza kupewa jina linaloanza na Máel. Alinyolewa kwa jina tu.

Kolumba mwenyewe alizaliwa karibu mwaka 521 huko Gartan, Donegal, kaskazini-magharibi mwa Ayalandi, katika ukoo wa Uí Néill uliokuwa ukitoa wafalme. Angeweza kugombea utawala, akaenda kwenye utawa. Mwaka 563 alivuka bahari na wenzake 12 akafika kisiwa kidogo cha Iona, pembeni mwa kisiwa cha Mull, akajenga monasteri. Alifariki hapo Juni 597. Miaka kama mia moja baadaye abati (mkuu wa monasteri) wa tisa wa Iona, Adomnán, aliandika maisha yake kwa Kilatini, na kwa kitabu hicho tunamjua Kolumba kuliko tunavyowajua wafalme wengi wa zama zake.

Kuna sehemu moja ya Adomnán ambayo kila nikiisoma nasimama. Ni siku ya mwisho ya Kolumba. Mzee amechoka, ameketi kando ya njia akipumzika. Anakuja farasi mweupe aliyekuwa akibeba vyombo vya maziwa vya monasteri, anaweka kichwa kifuani mwake na kuanza kutoa machozi. Mhudumu wake anataka kumfukuza, Kolumba anamzuia: mwache, anatupenda. Kisha mzee anarudi kibandani mwake kunakili Zaburi. Anafika kwenye mstari wa Zaburi ya 34 unaosema kwamba wamtafutao Bwana hawatapungukiwa na kitu chema, anaweka kalamu chini, anasema kinachofuata atakiandika Baithéne. Na kweli Baithéne ndiye aliyemrithi uabati. Usiku huohuo Kolumba alifia kanisani.

Huyo ndiye bwana anayetajwa ndani ya jina Malcolm. Nitaendelea na wafalme baadaye, karibuni kwa maswali.

Mpemba_Halisi

Maashallah, uzi mzuri. Nina mambo mawili. Kwanza, mimi siku zote nilidhani Malcolm na Malik ni jina moja, hasa kwa vile yeye mwenyewe Malcolm X alijiita El-Hajj Malik El-Shabazz. Pili, hii habari ya "mtumishi wa fulani" si ndiyo Abdallah na Abdulrahman zetu?

MtuWaVitabu

Mkuu Mpemba, umegusa penyewe. La kwanza: Malik na Malcolm hayana undugu. Malik linatoka kwenye mzizi wa Kiarabu wa mim, lam na kaf wenye maana ya kumiliki na kutawala. Malcolm ni Máel na Colum, na hizo konsonanti zimegongana tu njiani. Yeye mwenyewe alipochagua Malik alichagua jina jipya la Kiislamu linalosikika karibu na lile alilopewa na wazazi wake.

La pili, ndiyo, mfumo unafanana sana: neno la utumishi, kisha jina la anayetumikiwa. Tofauti ni kwamba Abd kwa Waislamu hutangulia majina ya Mwenyezi Mungu, ilhali Wagaeli waliweka Máel mbele ya majina ya watakatifu pia. Máel Ísu ni mtumishi wa Yesu. Máel Pátraic wa Patriki. Máel Brigte wa Brigid wa Kildare. Máel Sechnaill, jina la mfalme wa Ayalandi aliyefariki 1022, linamtaja mtakatifu Sechnall. Baadaye likaenea neno la pili, gille, kijana mtumishi. Ukikutana na Mskoti anaitwa Gilchrist, huyo ni "mtumishi wa Kristo", na Gillies ni "mtumishi wa Yesu".

Chanzo cha yote ni adabu. Jina la mtakatifu mkubwa lilionekana zito mno kumvika mtoto hivihivi, wakapitia mlango wa pembeni: usimwite mtoto Patriki, mwite mtumishi wa Patriki. Kwa Bikira Maria adabu hiyo haijafutika hadi leo. Kiayalandi kina umbo la pekee kwa ajili yake, Muire, na mwanamke wa kawaida anaitwa Máire. Hawachanganyi.

Msomi wa Peramiho

Ahsante sana mkuu. Nilisoma kwa Wabenediktini, nimeona picha za mapadre wa zamani wenye upara wa duara utosini. Je, ndio unyoaji huohuo wa Iona?

MtuWaVitabu

Swali zuri sana, maana hapo palitokea mgogoro mkubwa. Ule wa duara, unaoacha nywele kama taji kuzunguka kichwa, ni wa Kirumi. Wamonaki wa Iona walinyoa kwa mtindo wao: mbele yote, kuanzia sikio moja hadi jingine, nywele za nyuma zinabaki. Wapinzani wao waliuita mtindo wa Simoni Mchawi, yule wa Matendo ya Mitume, ili kuutia najisi. Mwaka 664 mfalme wa Northumbria, ufalme wa kaskazini mwa Uingereza, aliitisha sinodi, yaani mkutano wa kanisa, huko Whitby. Ugomvi mkubwa ulikuwa tarehe ya Pasaka, lakini unyoaji nao ulikuwa alama ya nani yuko upande gani. Upande wa Roma ukashinda. Iona yenyewe ilishikilia desturi ya Kolumba kwa zaidi ya miaka 50 baada ya hapo, ikakubali Pasaka ya Kirumi mwaka 716 na kunyoa kwa Kirumi muda mfupi baadaye.

Huo wa duara uliouona pichani uliendelea hadi Papa Paulo VI alipoondoa ibada ya kunyoa makleri mwaka 1972.

Mbongo_Glasgow

Nipo Glasgow mwaka wa sita sasa. Huku Malcolm wengi ni wazee, vijana ni Callum. Kazini kuna jamaa anaitwa Calum, familia yake ya kisiwa cha Lewis ambako bado wanaongea Kigaeli nyumbani. Mama yake akimpigia simu simsikii akisema Calum hata kidogo, nasikia "a Khalum". Nikadhani ni jina la utani. Ni jina hilohilo?

MtuWaVitabu

Mkuu umetuletea kitu kizuri. Calum ni Kolumba mwenyewe katika Kigaeli cha Uskoti cha leo, bila lile neno la utumishi. Kwa hiyo Calum ni ndugu wa damu wa Malcolm, na familia nyingi za huko hutumia Calum nyumbani na Malcolm kwenye karatasi.

Hiyo "kh" uliyoisikia ndiyo sarufi yao. Ukimwita mtu kwa Kigaeli, konsonanti ya kwanza ya jina hulainika. Calum akiitwa anakuwa "a Chaluim", na hiyo ch hutamkwa kama kh ya "kheri" wanavyoitamka watu wa visiwani kwetu. Sauti hiyohiyo imo ndani ya Maol Chaluim, umbo la leo la Malcolm. Waingereza hawakuwa nayo, wakaandika k ngumu.

Mfano mtamu zaidi wa kanuni hiyo ni Hamish. Jina lenyewe ni Seumas, yaani Yakobo. Ukimwita unasema "a Sheumais", na sh yao hapo husikika kama h. Wageni wakasikia watu wakiitana hivyo, wakaandika Hamish, likawa jina kamili. Kila Hamish duniani amebeba jina la kuitiwa.

Sasa nirudi kwa wafalme kama nilivyoahidi.

Waviking walianza kuishambulia Iona mwaka 795. Mwaka 806 waliua watu 68 wa monasteri ile kwa mpigo. Haikuwezekana tena kuacha masalia ya mtakatifu pale ufukweni. Katikati ya karne ya 9 yakagawanywa, mengine yakapelekwa Ayalandi, mengine Dunkeld, bara ya Uskoti, ambako mfalme Kenneth mwana wa Alpin alikuwa akijenga ufalme uliounganisha Wagaeli na Wapikti, wenyeji wa kale wa huko. Hapo Kolumba akawa mlinzi wa ufalme mzima. Bakora yake ilibebwa vitani mbele ya jeshi na ilikuwa na jina lake, Cathbuaid, "ushindi wa vita". Mtu wa njiwa akageuzwa bendera ya vita, na mimi naona hapo ndipo jina lilipopata nguvu ya kuingia ikulu.

Mfalme wa kwanza kuitwa Máel Coluim alitawala kuanzia 943 hadi 954. Wa pili, 1005 hadi 1034. Wa tatu ndiye anayejulikana zaidi, kwa sababu ndiye yule mwana wa mfalme anayeitwa Malcolm katika tamthilia ya Shakespeare kuhusu Macbeth. Katika historia, baba yake, Duncan, aliuawa na Macbeth mwaka 1040, lakini Duncan hakuwa kizee wala Macbeth hakuanguka haraka: alitawala miaka 17 hadi Malcolm alipomshinda na kumuua huko Lumphanan mwaka 1057. Mwaka uliofuata Malcolm akaketi kitini.

Na hapa kuna jambo linaloniuma kidogo kwa niaba ya jina. Malcolm III alimwoa Margaret, binti wa ukoo wa kifalme wa Uingereza aliyekimbia uvamizi wa Wanormani, ambaye baadaye alitangazwa mtakatifu. Wakazaa wana sita. Edward, Edmund, Ethelred, Edgar, Alexander, David. Hakuna hata mmoja aliyepewa jina la Kigaeli! Manne ya kwanza ni majina ya wafalme wa ukoo wa mama. Baba aliuawa vitani Alnwick mwaka 1093, na ukisoma tu majina ya watoto wake unaona ikulu ya Uskoti ikianza kugeuza uso kuelekea kusini. Malcolm wa nne alikuja 1153, kitukuu wake, alivikwa taji akiwa na miaka 12 na kufariki na 24 bila mke. Tangu hapo hakuna mfalme mwingine wa Uskoti aliyeitwa Malcolm.

BintiWaNyeri

Hongera kwa uzi. Sisi Kenya tulikuwa na Malcolm MacDonald, gavana wa mwisho wa mkoloni. Naye ni Mskoti?

Pia nimeguswa na hayo majina ya watoto wa Margaret. Kwetu Wakikuyu kijana wa kwanza anachukua jina la babu mzaa baba, wa pili babu mzaa mama. Ingekuwa kwetu, huyo mfalme angegombana na ukoo mzima.

MtuWaVitabu

Ndiyo, dada. MacDonald alizaliwa Lossiemouth, kaskazini-mashariki mwa Uskoti, mwaka 1901. Baba yake, Ramsay MacDonald, ndiye waziri mkuu wa kwanza wa Uingereza kutoka chama cha Labour. Malcolm alikuja Nairobi 1963 kama gavana, bendera ikashushwa Desemba mwaka huo, akabaki kama gavana mkuu hadi Kenya ilipokuwa jamhuri Desemba 1964.

Tena angalia tarehe hizo. Oktoba 1964 Malcolm X naye alikuwa Afrika Mashariki. Alifika Dar es Salaam, akakutana na Abdulrahman Babu na Mwalimu Nyerere, kisha akaenda Kenya. Akina Malcolm wawili, mmoja akifunga daftari la ukoloni, mwingine akitafuta nchi za Afrika zisimame na Wamarekani weusi, wote ndani ya Kenya mwezi mmoja.

Na utaratibu wenu wa majina, Waskoti wa Nyanda za Juu walikuwa nao karibu uleule: mwana wa kwanza babu mzaa baba, wa pili babu mzaa mama. Ndiyo maana kijiji kimoja kingejaa akina Calum, ikabidi mtu atambuliwe kwa kupandisha nasaba: Calum Iain Dhòmhnaill, yaani Calum wa Iain wa Dòmhnall. Watu wa pwani mtaielewa mara moja, ni Ali bin Juma bin Saidi.

Kijana wa Ubungo

Mkuu samahani, mimi nina swali gumu kidogo. Malcolm X alitupa jina la Little kwa sababu lilikuwa la mabwana wa watumwa. Sasa wewe unatwambia Malcolm nalo lina kichwa kilichonyolewa, alama ya mtu aliye chini ya bwana. Kwa nini nimpe mwanangu jina la utumwa?

MtuWaVitabu

Nashukuru umeuliza kwa uwazi, maana swali hili lina uzito na sitaki kulipita juujuu.

Little alipewa babu zake na watu waliowamiliki. Hawakuulizwa. Máel ni kinyume chake, mtu huru anachagua anayemtumikia, na aliyechaguliwa ni mtawa aliyeitumia siku yake ya mwisho kunakili Zaburi. Wafalme waliliweka kwa wana wao waliotarajiwa kutawala. Mfalme anayeitwa "mtumishi wa Kolumba" alikuwa akikumbushwa kila anapoitwa kwamba yuko aliye juu yake. Ndiyo sababu nalipenda jina hili.

Kwa hiyo mpe kijana jina, na akikua mweleze yote mawili, la Omaha na la Iona.

Mpemba_Halisi

Hapo umejibu vizuri. Hebu tuambie kidogo kuhusu hao akina Máel wengine, kuna mwenye kisa?

MtuWaVitabu

Kisa cha Máel Brigte hakisahauliki. Alikuwa mkubwa wa Kiskoti kaskazini, mwishoni mwa karne ya 9, na alikuwa na jino lililotokeza nje, ndiyo maana wakamwita Máel Brigte wa Jino. Masimulizi ya Orkney yanasema alipatana na Sigurd, jemadari wa Waviking wa visiwa hivyo, wakutane kila mmoja na watu 40. Sigurd akaja na farasi 40 wenye watu wawiliwawili mgongoni. Máel Brigte aliona miguu miwili upande mmoja wa kila farasi, akajua wamesalitiwa, wakapigana hadi wakaisha. Sigurd akakifunga kichwa cha Máel Brigte kwenye tandiko la farasi arudi nacho nyumbani. Njiani lile jino likamchubua mguuni, kidonda kikavimba, na Sigurd akafa kwa kidonda hicho.

BintiWaNyeri

Duh! Swali la mwisho kwangu: na mtoto wa kike? Dada yangu anatarajia, na marehemu baba yetu aliitwa Malcolm.

MtuWaVitabu

Poleni kwa baba, na Mungu amsaidie dada ajifungue salama.

Njia ziko mbili. Waskoti wa Nyanda za Juu wana desturi ya kuongeza -ina kwenye jina la baba au babu ili liwe la binti: Murdoch anakuwa Murdina, Donald anakuwa Dolina, na Calum anakuwa Calumina. Malcolmina pia lipo. Calumina ndilo linalotamkika vizuri kwa midomo yetu.

Njia ya pili ni ya kale zaidi. Kenneth mwana wa Alpin, yule wa Dunkeld, alikuwa na binti aliyeitwa Máel Muire, mtumishi wa Maria. Aliolewa na mfalme mmoja wa Ayalandi, akafiwa, akaolewa na mfalme aliyemfuata, na mwanawe naye akawa mfalme. Alifariki mwaka 913, miaka 30 kabla ya Malcolm wa kwanza kuketi kitini. Kwa hiyo katika nyumba ile ya kifalme, anayejulikana mapema kuwa na Máel katika jina lake ni binti.